Yeye wa Pili

Bahasha ilimfikia Christelle Okito siku ya Jumanne, saa ya mapumziko, katika chumba cha walimu. Aliyeileta ni Mama Gisèle, katibu wa komite ya Alunguli iliyokuwa ikijenga ukuta wa majina ya watu waliouawa wakati wa vita. Alikuwa amevuka mto asubuhi hiyo kwa ajili ya kazi hiyo tu. Ndani mlikuwa na fotokopi za ripoti ya zamani, kurasa thelathini na nane, zote kwa Kiingereza. Shirika la wageni lililoiandika lilikuwa limefunga ofisi zake miaka mingi iliyopita, na mtu mmoja wa Ulaya ndiye aliyeiokota mahali akaituma kwenye simu ya komite. Mpaka siku hiyo watu wa Alunguli walikuwa na muhtasari wake wa Kifaransa tu, kurasa tatu.

Mama Gisèle alieleza kwamba komite inamwomba Madame Christelle asome yote, ahakikishe majina yameandikwa sawa kabla hayajachongwa. Walimwomba kwanza Prof Ayoubu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa Kiingereza katika Kindu nzima, lakini Prof alijibu kwamba macho yake hayaoni vizuri tena. Wampe Christelle, mwanafunzi wake.

Christelle alishukuru, akangoja mgeni aondoke, kisha akaanza kutafuta jina la baba yake. Alijua lazima limo. Sentensi moja kuhusu Blanchard Okito ndiyo iliyomfukuza mama yake nyumbani, na Christelle alikuwa hajawahi kuiona kwa lugha iliyoandikiwa.

Mwaka wa 2002 alikuwa na miaka saba. Wanajeshi walishika mji, wanamgambo wa mayi-mayi walishika msitu, na katikati watu walikaa kama samaki ndani ya mtego, bila njia ya kwenda mashambani. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli ambayo haikuwa na treni tena. Aliwaficha vijana wanne waliokimbia kutoka Lokandu, wana wa ukoo wa mama yake Blanchard, katika ghala la mpunga nyuma ya nyumba ya familia, kule Alunguli. Siku ya nne wanajeshi walikuja, mchana kweupe. Walimpiga Blanchard uani. Baadaye waliingia ghalani wakawaua wale vijana, na walipotoka wakamuua naye. Christelle hakuona, alikuwa ng'ambo, kwa nyanya yake. Aliyeona yote ni mama yake, Odile, ambaye walimpigisha magoti karibu na jiko.

Vita vilipotulia, wageni walikuja na kompyuta zao kuandika habari za waliokufa. Odile alikaa mbele yao muda wa saa nzima. Mzungu hakujua Kiswahili, yeye hakujua Kiingereza, na kijana mmoja alikaa kati yao akitafsiri. Odile alilia tangu mwanzo mpaka mwisho, kitambaa usoni. Hakumtazama mtu.

Mwaka wa 2005 muhtasari wa Kifaransa ulisomwa katika ukumbi wa parokia, Alunguli, mbele ya watu wengi. Familia za wale vijana zilikuwa zimepanda kutoka Lokandu kuja kusikiliza. Ulisema kwamba, kwa maneno ya mke wake mwenyewe, Okito alipopigwa aliwaonyesha askari ghala haraka, na ndiyo sababu wale vijana wanne waliuawa. Odile alikuwa amekaa katika safu ya tatu. Alisimama akasema hakusema hivyo, lakini msomaji aliendelea kusoma.

Jioni hiyohiyo Papa Didier, kaka mkubwa wa marehemu, alitoa vitu vya Odile nje ya nyumba: mkeka, sufuria, nguo. Alimwambia neno ambalo Alunguli nzima ililikumbuka.

"Bwana yako alikufa mara moja. Weye umemuua mara ya pili, na kinywa yako."

Odile aliapa. Aliapa mbele ya padri, aliapa mbele ya wazee wa Lokandu, aliapa mpaka watu wakachoka kumsikia. Lakini karatasi ilikuwa imesema, na karatasi ilitoka kwa wazungu, na wazungu hawakuwa na sababu ya kumsingizia. Alimchukua mtoto wake akavuka mto, akapanga chumba mtaa wa Mikelenge, akaishi kwa kuuza sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya mawese. Hakurudi Alunguli hata kwa mazishi. Shuleni, watoto waliokuwa na ndugu ng'ambo walimwita Christelle "mutoto wa ghala". Christelle alimwamini mama yake. Au ndivyo alivyojiambia.

Sasa, katika ukurasa wa ishirini na mbili, aliiona. "He was badly beaten and then he quickly showed them the store, so they went in and killed the four men." Chini yake maneno mawili: mke, shahidi.

Alisoma mara ya kwanza kama binti. Alisoma mara ya pili kama mwalimu, kwa kuwa ndiyo njia pekee aliyoijua ya kusoma Kiingereza, na kitu fulani kikamkwaza, lakini kengele ililia kabla hajajua ni nini.

Darasa la nne la sekondari lilikuwa linamngoja. Somo la siku hiyo lilikuwa vile vijineno vinavyoshika sentensi: viwakilishi, vielezi, viunganishi. Alikuwa ametayarisha mifano ya soko na ya mpira. Hakuitumia. Alichukua chaki akaiandika ubaoni ile sentensi ya ukurasa wa ishirini na mbili, neno kwa neno, na alipogeuka hakujua kwa nini amefanya hivyo. Basi akawaambia wafanye kazi. Waonyeshe kila neno dogo linashika nini.

Wakaanza. "He" ni mtu mmoja, mwanamume. "Them" ni watu ambao hawajatajwa. "And" inaongeza jambo juu ya jambo, "then" inalipanga baada ya lile la kwanza, "so" inaleta matokeo. Walikwenda vizuri mpaka msichana mmoja aitwaye Mamy, aliyekaa karibu na dirisha, aliponyoosha mkono. Alisema haelewi "quickly". Kama muntu amepigwa vibaya kiisha akaonyesha, alisema, si angeonyesha mwisho, wakati amechoka? Basi ingekuwa "until", au "finally". Muntu wa kuonyesha haraka hangojei kupigwa vibaya.

"Madame," aliuliza, "huyu 'he' wa pili njo yule wa kwanza?"

Christelle alisimama na chaki mkononi. Aliwaambia wanakili sentensi, kisha akaifuta kabla hawajamaliza.

Mchana alikwenda moja kwa moja sokoni. Mama yake alikuwa akifunga mafungu ya mwisho ya sombe. Miaka ishirini walikuwa wameishi chumba kimoja, kisha nyumba moja, na kulikuwa na jambo moja ambalo halikuulizwa. Christelle aliuliza. Alisema anataka maneno yenyewe, yale aliyomwambia mzungu, kama alivyoyasema, bila kuongeza na bila kupunguza.

Odile aliendelea kufunga majani.

"Kwa nini unaniuliza leo?"

Christelle akasema ripoti imekuja, ya Kiingereza, ile ya kwanza. Mama yake alikaa juu ya kreti. Alianza kusema bila kumtazama, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokisoma kila siku.

"Nilimwambia kwanza juu ya yule mwanamuke wa kuwapikia waaskari. Alikaa nyumba ya parsele ya mbele yetu. Nilimwambia alikuja pamoja nao, akasimama chini ya muti wa paipai. Kiisha nikasema: walimupiga Blanchard vibaya, lakini hakusema kitu. Hata jina yake hakusema. Kiisha akawaonyesha ghala, mara moja, na kidole. Njo wakaingia."

"Nani akawaonyesha?"

"Si ni yule mwanamuke. Nilikuwa nimeshamusema."

Christelle aliandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Aliweka maneno ya mama yake juu na Kiingereza chini, na pale kati ya mafungu ya sombe aliona jinsi kazi ilivyofanyika. Kwa Kiswahili, "akawaonyesha" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Odile alikuwa amesimamisha watu wawili katika ua ule, mume wake na mpishi wa askari, na masikio ya mtu wa kwao yangejua kidole ni cha nani. Kiingereza hakikubali hivyo. Kinakulazimisha uchague. Mtu alichagua, akaandika "he". Neno "lakini", pamoja na kila kilichofuata juu ya baba yake kunyamaza, lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pamewekwa "and". Halafu "mara moja", ambayo ilikuwa ya kidole cha yule mwanamke, ikageuzwa "quickly" na kuvishwa mtu aliyekuwa chini, mwenye damu kinywani, ambaye hakutaja hata jina lake mwenyewe. "She" moja ingetosha. Herufi moja zaidi.

Kiingereza kingeweza kumlinda baba yake kuliko Kiswahili. Lugha aliyoifundisha kila siku ilikuwa na neno lililohitajika, jepesi, la mwezi wa kwanza wa darasa la kwanza.

Hakumweleza mama yake bado. Alifungua bahasha tena palepale, akatafuta ukurasa wa mwisho, mahali wanapoandika waliofanya kazi. Kulikuwa na majina mawili ya wageni. Chini yake: mkalimani, Ayoubu, jina lote, kama lilivyoandikwa kwenye kitabu cha sarufi kilichokuwa mezani kwake nyumbani.

Prof Ayoubu alikuwa amekaa Kampala miaka mitatu katika ujana wake, kwa mjomba mfanyabiashara, na akarudi Kindu na Kiingereza ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Alimfundisha Christelle miaka minne. Alimpa kitabu chake mwenyewe cha sarufi, kile chenye jalada la kitambaa. Alimwita baada ya masomo, akamfanyisha mazoezi mpaka jioni, akampeleka mwenyewe kwa prefe, mkuu wa shule, kumwombea nafasi ya kufundisha. Siku alipopata diploma, Christelle alipiga magoti mbele yake, na Odile, ambaye alikuwa na kuku mmoja wa kutaga, alimfunga miguu akamletea Prof kama shukrani.

Jioni hiyo Christelle alimkuta Prof barazani kwake, amevaa miwani mizito, amekaa na mafaili ya watu wanaotaka kwenda nje. Bado alikuwa akitafsiri. Macho yaliyoshindwa kusoma ripoti ya komite yalikuwa yakisoma cheti cha ndoa cha mtu. Alimkaribisha kwa furaha, akamwonyesha kiti. Christelle hakukaa. Alimwekea ukurasa wa ishirini na mbili juu ya faili.

"Prof, huyu 'he' wa pili njo nani?"

Prof aliangalia karatasi. Hakuileta karibu na macho. Alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na Christelle akajua kwamba hahitaji kuisoma.

"Njo yule mwanamuke," alisema.

Alieleza taratibu, na Christelle alimwacha aeleze. Wakati ule Prof alikuwa na miaka ishirini na minne. Walikuwa wamesikiliza watu tisa siku ile. Mama alikuwa akilia, maneno mengine yalizama ndani ya kitambaa, na alipofika kwenye "akawaonyesha" yeye hakuwa na hakika. Aliona haya kuuliza. Kumwuliza mjane "nani?" wakati analia hivyo, na mbele ya mzungu ambaye angeona kwamba mkalimani wake hasikii. Akasema "he", kwa kuwa walikuwa wakizungumza juu ya mwanamume. Na lile la kunyamaza alilisema, aliapa kwamba alilisema, lakini mzungu alifuta akisema sentensi ni ndefu, haipatani na yanayofuata. Na kweli haikupatana tena, kwa kuwa mtu hawezi kukataa kusema na kuonyesha haraka. Basi wakaunganisha vilivyobaki.

"Ulijua lini kwamba ni makosa?"

Prof alirudisha miwani usoni. Kisha akasema aliisoma ripoti ilipotoka, nyumbani, kwa utulivu, akaona. Sentensi haikukaa sawa. Alifikiri aende kwa wageni awaambie. Lakini walikuwa wamemwahidi kazi nyingine, ya miezi sita, Kalemie. Akajiambia ni ripoti ya Kiingereza, nani ataisoma Kindu.

"Na waliposoma muhtasari kwenye parokia?"

"Nilikuwa Kalemie."

"Uliposikia."

"Niliposikia, ilikuwa imeshapita."

Christelle alimwuliza kwa hasira tangu lini anajua kwamba yeye ni mtoto wa yule mjane. Jina la Okito ni la watu wengi. Alitaka kuamini kwamba hakujua.

"Tangu mwaka wa pili. Mama yako alikuja shuleni juu ya uniforme. Nikamutambua."

Kwa hiyo kitabu, na mazoezi ya jioni, na barua kwa prefe, vyote vilikuja baada ya hapo. Miaka hiyo yote Christelle alikuwa akisimulia watu kwamba Mungu alimnyima baba akampa Prof. Alikuwa amekaa mita moja mbele ya mtu huyu akijifunza tofauti ya "and" na "but", na mtu huyu alimsahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Ile kuku," alisema. "Muliikula?"

Prof Ayoubu aliinamisha kichwa.

"Muliikula?"

"Tuliikula."

Christelle alipiga teke kiti alichokaribishwa. Kilianguka barazani, na mke wa Prof alitoka jikoni, akatazama, akarudi ndani bila kuuliza. Christelle hakuwahi kufanya kitu cha namna hiyo maishani mwake na hakujuta. Alisema, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba Jumapili saa nane atakuwa Alunguli, nyumbani kwa Papa Didier, pamoja na mama yake. Prof atakuja, atasema haya yote kwa kinywa chake, mbele ya familia na mbele ya komite. Prof alijaribu kumkumbusha kuhusu jina lake. Watu waliompa mafaili yao watauliza kama yao pia yameharibika. Wanafunzi wake wa zamani wako hata bungeni. Angeandika barua, alisema, barua nzuri, kwa Kiingereza na Kifaransa, akaipeleka kwa Mama Gisèle.

"Barua zimeshamaliza watu," alisema Christelle. "Utakuja na mudomo."

Alimwambia kwamba asipokuja, Jumatatu ataileta Alunguli nzima hapa barazani. Kisha akachukua karatasi yake akaondoka. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, pikipiki zikimpigia honi, na alipofika alikichukua kile kitabu cha jalada la kitambaa akakitupa katika shimo la taka.

Usiku ule alimweleza mama yake. Alitegemea kilio. Odile alisikiliza yote, akauliza jambo moja tu, kama ni yule mwalimu wa kuku, na alipojibiwa ndiyo, alikwenda kulala.

Jumapili walivuka mto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Odile katika miaka ishirini. Alivaa kitenge kipya na hakushika mkono wa mtu kushuka mtumbwini. Uani kwa Papa Didier kulikuwa na viti vya plastiki, Mama Gisèle na watu wawili wa komite, wazee watatu kutoka Lokandu ambao walikuwa wameitwa kwa simu, na wake wa ukoo wamesimama ukutani. Ghala halikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na bustani ya mboga. Papa Didier, sasa mzee mwenye fimbo, alimsalimu Christelle. Hakumsalimu Odile, wala Odile hakumsalimu yeye.

Prof Ayoubu alifika saa nane na nusu. Wengi walisimama kwa heshima, kwa kuwa alikuwa Prof. Christelle aliwaambia wakae.

Alitoa ile karatasi, akaisoma sentensi kwa Kiingereza kwanza, polepole, ili wasikie kwamba ipo. Kisha akamwambia Prof aiseme kama ilivyotoka kinywani mwa Odile. Prof alianza kwa maneno mengi, juu ya ugumu wa lugha, juu ya wakati ule, juu ya kuchoka kwa watu. Alisema kwamba katika tafsiri yanaweza kutokea mapungufu. Christelle alimkata.

"Sema sentensi."

Mtu alizima redio kwa jirani.

Prof Ayoubu alisimama mikono yake ikiwa imeshika kofia. "Walimupiga Blanchard vibaya," alisema, "lakini hakusema kitu. Hata jina yake hakusema. Yule mwanamuke wa kuwapikia njo aliwaonyesha ghala." Alimwelekea Odile. "Mama huyu alisema hivyo. Miye njo nilitafsiri ingine. Niliona makosa, nikanyamaza."

Mmoja wa wazee wa Lokandu aliuliza tangu mwaka gani. Prof alisema. Mzee yule alihesabu kwa vidole, polepole, kisha akaondoa kiti chake kutoka karibu na cha Prof na kukipeleka upande wa Odile. Wengine wawili wakafanya vivyo hivyo, na Prof akabaki amesimama peke yake katikati ya ua, mpaka ilipokuwa wazi hata kwake kwamba hakuna mtu atakayemwambia akae au aende. Akaenda.

Papa Didier alikuwa akilia bila sauti. Alimwambia Odile kwamba walidanganywa wote wawili, kwamba karatasi ndiyo iliwatenganisha. Alisema nyumba ni yake, arudi, chumba cha mbele kitapigwa chokaa, atakula na kuzikwa kati ya watu wa bwana yake.

Odile alisimama ndipo akajibu.

"Karatasi haikutoa sufuria yangu inje," alisema. "Weye njo uliitoa. Karatasi haijui hata kama niko na mutoto. Weye ulijua. Niliapa mbele yako, Didier. Uliishi na miye miaka tisa katika parsele hii, ulijua miye ni muntu wa namna gani, ukaamini muntu usiyemujua." Alitazama wake wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na wao wakatazama chini. "Muandike jina ya Blanchard kwenye ukuta. Yote. Miye niko na nyumba yangu."

Akatoka. Christelle alibaki nyuma kidogo kumwambia Mama Gisèle kwamba watu watano walikufa katika ua huu, si wanne kama orodha ya komite ilivyosema, na kwamba yeye mwenyewe ataandika masahihisho kwa lugha zote tatu. Alipomfikia mama yake walikuwa karibu na ufuo. Christelle alikuwa mwepesi, karibu kucheka. Alimshika mama yake bega, akasema imekwisha, sasa wote wanajua.

Odile aliutoa mkono ule.

"Na weye?"

Christelle akauliza yeye nini.

"Unafundisha Kiingereza miaka nane. Ungetafuta hiyo ripoti zamani. Ungeniuliza nilisema nini. Hukuniuliza hata siku moja, mpaka karatasi ilipokuja." Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Na weye pia ulifikiri nilisema."

Christelle angeweza kusema hapana. Alikuwa na kila neno mdomoni. Lakini alikuwa ametoka kumlazimisha mtu kusema kweli mbele ya watu, na hakupata uso wa kudanganya.

"Siku zingine, ndiyo," alisema. "Siku zingine nilifikiri hivyo."

Odile aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sawa. Aliingia mtumbwini akakaa mbele kabisa, kwenye ubao mwembamba wanapokaa wabeba mizigo, uso kuelekea ufuo wa Kasuku, upande wa kwao. Christelle alikaa nyuma, karibu na injini. Hakukuwa na abiria wengine.

Jina la Blanchard Okito lilichongwa mwezi wa nane, la tano baada ya yale manne ya Lokandu. Masahihisho yalisomwa katika ukumbi uleule wa parokia, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na nakala ikatumwa kwa yule mtu wa Ulaya, ambaye alijibu kwa mistari miwili. Prof Ayoubu aliacha kupokea mafaili. Wengine walisema watu waliacha kuyapeleka. Siku moja Christelle alikutana naye njiani karibu na stesheni. Prof alisimama, akavua kofia. Christelle alipita, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ileile, haikupungua hata kidogo, na aliona kwamba huenda akazeeka nayo.

Mama yake hakumsemesha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alimwambia achote maji kabla jua halijawa kali. Christelle alichukua ndoo akaenda, akapanga foleni kisimani nyuma ya wanawake wengine, na aliporudi Odile alikuwa ameshawasha moto na anatwanga sombe, amempa mgongo.